Jinsi ya kuchora logo inayoonyesha jina la kampuni lenyewe

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia rafiki yangu, kampuni yake inaitwa Kobe, wanatengeneza programu za simu, na alitaka kobe mwenyewe achorwe, sio herufi K. Mi logo za hivi nazipenda sana, mtu akiona picha tu jina linamtoka mdomoni. Tulivyofanya ni hivi.

1. Chimba maana ya jina kwanza. Shell ni kombe la baharini, hilo liko wazi, ila kuna majina maana yake imelala kwenye lugha nyingine. Subaru kwa Kijapani ni Kilimia, ndo maana unaona zile nyota sita. Nestlé ni kiota kidogo kwenye lahaja ya Kijerumani, na kiota kipo kwenye logo mpaka leo. Angalizo: kama kampuni inauza kitu kilekile kilicho kwenye jina, acha njia hii. Tofaa kwenye kompyuta linakaa kichwani, tofaa kwa muuza matofaa ni picha ya bidhaa tu na kulilinda kisheria kama alama yako ni kazi ngumu.

2. Chora kwa penseli, michoro kama ishirini hivi, haraka haraka. Kompyuta bado.

3. Sasa jaza mchoro wote weusi, usibaki mstari hata mmoja wa ndani, afu upunguze mpaka pikseli 16, yaani vinukta 16 tu vya skrini kwa upana. Hapa ndo tulikaa karibu siku nzima. Kobe wetu kwa ukubwa wa kawaida alikuwa mzuri kabisa, magamba yote yanaonekana, tukimpunguza anakuwa kofia ya chuma, tukamuongezea miguu akawa bakuli lenye vigingi, tukaongeza mistari ya magamba na kwa udogo ule mistari yote ikaungana ikawa doa. Tatizo halikuwa uchoraji, tulikuwa tunaongeza vitu wakati tulitakiwa tutafute kitu kimoja ambacho kofia haina. Shingo! Tukaitoa nje ndefu, imeinuka kidogo, miguu tukabakisha miwili, magamba tukafuta yote, na hapohapo akasomeka. Rob Janoff alipochora tofaa la Apple mwaka 1977 aliweka lile pengo la kung'atwa ili likiwa dogo watu wasidhani ni cheri, ni jambo lilelile. Kwa hiyo jiulize kitu chako kikiwa kidogo kinafanana na nini kingine, andika majina ya hivyo vitu kabisa kwenye karatasi, afu tafuta alama moja inayovitenganisha. Na muulize mtu ambaye hajasikia jina, usimwambie "huyu ni kobe eti?", muulize "unaona nini?" na unyamaze.

4. Ingiza kwenye programu ya vekta, yaani inayochora kwa nukta na mikunjo, sio kwa pikseli. Mi natumia Inkscape, ni ya bure na inatosha. Usifanye logo kwenye programu ya kuhariri picha, ukija kuikuza kingo zinachakaa. Na ile kitufe ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe siipendi, inakuachia nukta mia mbili pale ambapo kumi na mbili zingetosha, chora mikunjo kwa mkono.

5. Rangi, mwisho kabisa. Moja inatosha.

6. Mpe mteja SVG (faili la vekta), PNG (picha ya kawaida ya pikseli) isiyo na rangi ya nyuma, na nyeusi tupu ya mihuri.