Kabla hujaenda kupima homoni kwa sababu ya uchovu sugu

Mtu mwenye uchovu sugu akishachoka kuambiwa "vipimo vyako vyote viko sawa" mara nyingi anaamua akapime homoni, na si wazo baya, ila ukienda kichwa kichwa unaweza kurudi na karatasi yenye namba za kukudanganya. Kuna vitu vya kuweka sawa kwanza.

Anza na hili: jua unatafuta nini. Hakuna homoni inayopimwa ikasema huyu ana uchovu sugu na huyu hana. Ugonjwa huu unatambuliwa kwa dalili, hasa kule kuzidiwa baada ya kujishughulisha kidogo tu na usingizi usioburudisha hata ulale masaa kumi. Homoni unapima ili kujua kama hakuna kitu kingine kinachofanana nao, yaani pituitari imeharibika kweli, au adrenali zimefeli, au ni thairoidi, ile tezi ya shingoni. Pituitari yenyewe ni kadude ka ukubwa wa punje ya njegere chini ya ubongo, lakini ndo inayoziamrisha tezi nyingine: inatuma homoni ya ACTH kwenye adrenali zilizokaa juu ya figo ili zitoe kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili msongo na kushika presha, inatuma homoni ya TSH kwenye thairoidi, na hedhi na maziwa ya mama navyo viko chini yake.

Sasa, tangu utafiti wa Demitrack na wenzake wa 1991 imeonekana baadhi ya wagonjwa kotisoli yao iko chini kidogo. Kidogo, narudia. Wengi bado wako ndani ya kiwango cha kawaida, na usingizi mbovu pamoja na kulala kitandani miezi na miezi navyo vinaweza kuishusha. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuuzia vidonge kwa maelezo kwamba "adrenali zako zimechoka", muache apite, hata Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, kimesema wazi hilo si tatizo linalotambulika kitabibu.

Halafu dawa, na hapa ndo watu wengi wanaharibu. Andika kila kitu unachotumia, na nikisema kila kitu namaanisha mpaka krimu ya ngozi, inhela ya pumu, dawa ya kupuliza puani na ile sindano uliyochomwa gotini miezi michache iliyopita, maana zote zinaweza kuwa na steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, na steroidi inaiambia pituitari ipumzike, matokeo yake kotisoli inasoma chini wakati tatizo ni dawa. Ila usije ukaziacha ghafla mwenyewe ili "upime vizuri", kama umezitumia muda mrefu hiyo ni hatari kabisa, mwachie daktari apange. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinafanya kinyume, vinaongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu na namba inapanda bila sababu, kwa hiyo daktari anaweza kukuambia uvisimamishe kama wiki 6 hivi kabla. Kuna na bayotini, ile vitamini ya nywele na kucha, inavuruga mashine za maabara mpaka mtu asiye na tatizo anaonekana thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi. Iache siku mbili tatu kabla, na kama dozi ni kubwa uliza iachwe muda gani. Dawa za kichefuchefu kama metoklopramidi nazo zinapandisha prolaktini, homoni ya maziwa ya mama.

Muda nao una maana. Kotisoli inakuwa juu asubuhi na inashuka mpaka usiku wa manane, ndo maana damu inatolewa kama saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Lakini wenye uchovu sugu wengi wamegeuza usiku kuwa mchana, analala alfajiri, anaamka mchana, sasa huyo ukimpima saa 2 unapima mwili ulio usiku. Mwambie daktari ratiba yako halisi ya kulala, usione aibu, na hakikisha saa ya kutoa damu imeandikwa kwenye fomu.

Siku yenyewe pia ipangiwe. Ile safari, foleni, taa na kelele zinaweza kukuangusha siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo punguza shughuli kabla, na baada ya hapo usipange kitu. Kunywa maji kama hujakatazwa. Kama ukisimama unapata kizunguzungu, omba utolewe damu ukiwa umelala, wala si kudeka.

Uliza kama watapima TSH peke yake. Pituitari ikiwa ndo yenye shida, TSH inaweza kuonekana kawaida kabisa huku T4 huru, homoni inayotolewa na thairoidi yenyewe, iko chini, ndo maana inatakiwa zipimwe zote mbili. Na sema historia yako bila kuulizwa: uliwahi kugonga kichwa vibaya? Ulipoteza damu nyingi ukijifungua, kisha maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi? Hiyo inaweza kuwa pituitari iliyoumia toka siku ile.

Namba ikitoka chini, kinachofuata kwa kawaida ni kipimo cha sinakteni, unachomwa sindano ya ACTH ya kutengenezwa halafu wanaangalia kotisoli inapandaje ndani ya nusu saa au saa nzima. Haidrokotisoni, yaani kotisoli ya vidonge, ya kujianzishia mwenyewe hapana. Iliwahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa uchovu sugu, matokeo yakachapishwa 1998 kwenye jarida la kitabibu la JAMA: nafuu ilikuwa ndogo, na baadhi yao adrenali zikalala.

Ila kama unatapika, presha inashuka, unapungua uzito, ngozi na fizi zinakuwa nyeusi na unatamani chumvi kupita kiasi, usisubiri hiyo apointimenti ya mwezi ujao, nenda emajensi leo.