Kisanduku kidogo cha TV: angalia haya kabla hujatoa hela

Kisanduku hiki huchomekwa kwenye TV ili ikuonyeshe sinema za intaneti au za flashi. Kabla hujauliza bei ya chochote, ichungulie TV yako kwa nyuma. Tafuta tundu la HDMI, lile bapa lenye pembe mbili zilizokatwa. Likiwepo, kazi imekuwa nyepesi. Kama TV ni ya zamani na ina yale matundu matatu ya duara tu, njano, nyekundu na nyeupe, utahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV, na hapo usihangaike kabisa na kisanduku cha 4K, yaani cha picha kali sana. Picha itakayofika kwenye kioo itakuwa ya ubora wa chini hata ununue kifaa gani.

Ndugu na majirani huniita mimi kila kidude kipya cha TV kinapoingia nyumbani, na karibu wote huwa wamechagua kwa kusoma maandishi makubwa yaliyo juu ya boksi. 8K. GB 64. Prosesa ya viini vinane. Mimi hayo huyasoma mwisho, tena kwa mashaka. Hiyo 8K, picha kali kupita 4K, kwa mfano: kupitisha picha ya namna hiyo kwa fremu 60 kwa sekunde kunahitaji HDMI 2.1 na TV yenyewe iwe ya 8K. Nani kati yetu anayo? Kama TV yako ni ya 1080p, yaani HD kamili, hata 4K ni ya kulipia bure, kisanduku kitaipunguza picha iendane na kioo. Na kama ni TV ya 4K ya miaka ya mwanzo, soma maandishi madogo yaliyo kando ya matundu ya HDMI, kwa sababu baadhi yake zina tundu moja tu linalokubali HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili picha, ambayo ndiyo huduma za sinema huidai kabla ya kutoa 4K. Ukichomeka kwenye tundu la pili utapata picha ya chini na utamlaumu asiyehusika.

Ninachouliza kwanza ni hiki: wewe unatazama nini? Mtu wa Netflix na YouTube na mtu wa sinema za kwenye flashi ni wateja wawili tofauti, na kifaa kinachomfaa mmoja kinaweza kumkera mwenzake.

Nianze na wa Netflix, maana ndiye anayeliwa zaidi. Netflix, Prime Video na wenzao hufunga sinema zao kwa ulinzi wa kidijitali. Kwenye vifaa vya Android ulinzi huo unaitwa Widevine, nao una ngazi. Ngazi ya L1 hufungua video ndani ya sehemu salama ya prosesa, ya L3 hufanya kazi yote kwa programu tu. Kifaa chenye L3 hupewa na Netflix picha ya 480p, basi. Unaweza kuwa na TV nzuri, intaneti ya kasi na kifurushi cha bei ya juu, na bado nyuso za waigizaji zikaonekana zimepakwa ukungu. Boksi halitakuandikia "L3". Litakuandikia "4K Ultra HD" kwa herufi za dhahabu, na si uongo, kwa sababu menyu na video zako za flashi zinaweza kweli kutoka kwa 4K.

Kwa hiyo tazama mfumo. Kuna Google TV, ambao ni uso mpya wa Android TV, kuna Fire TV ya Amazon, kuna Roku. Hiyo ni mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya TV, na vifaa vyake vya kawaida hupitishwa na wenye huduma. Halafu kuna Android ya simu iliyosukumwa ndani ya kisanduku. Utaitambua mara moja: rimoti ina kitufe cha kuleta kishale cha mausi, duka la programu linaonyesha programu za simu, na ukifungua Netflix inataka uguse skrini ambayo haigusiki. Kama muuzaji anakubali kukiwasha mbele yako, fungua Duka la Google Play, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Kikisema hakijaidhinishwa, kirudishe kwenye rafu.

Hapa sizungumzii ubora wa picha peke yake. Januari 2023 mtafiti mmoja, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba kisanduku cha T95 alichonunua mtandaoni kilimfikia tayari kina programu hasidi ndani ya mfumo wenyewe. Baadaye ikajulikana kwamba halikuwa tatizo la kisanduku kimoja. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikawafungulia kesi waendeshaji wake, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vya Android visivyoidhinishwa vimenaswa. Kifaa cha namna hiyo hubofya matangazo kimyakimya na kuigeuza intaneti yako kuwa njia ya kupitishia shughuli za watu usiowajua. Kuanza upya kwa mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu uchafu wenyewe umetoka kiwandani. Muuzaji akikuambia kisanduku chake kinafungua chaneli zote za kulipia bure milele, amekwisha kukueleza bila kukusudia wewe utakuwa unalipa kwa njia gani.

Sasa kodeki, yaani namna video inavyobanwa ili ipite kwenye intaneti. Hapa ndipo pesa ya kisanduku kidogo inapofanya kazi kweli. H.264 ni ya mwaka 2003 na kila kitu kinaifahamu. H.265, au HEVC, na VP9 ni za 2013. AV1 ilitoka 2018, na kwa ubora uleule wa picha hutumia data kidogo zaidi kuliko zote hizo. Kinachotakiwa ni prosesa iwe na sehemu yake maalumu ya kuzifungua. Ikilazimika kuzifungua kwa nguvu za kawaida, picha inakatakata na kisanduku kinachemka. YouTube haitoi H.264 zaidi ya 1080p, kwa hiyo kisanduku cha 4K kisichofungua VP9 wala AV1 hakitakupa YouTube ya 4K hata ukiombee dua. Kwa anayenunua leo, mimi nasema tafuta chenye AV1. Kwenye vifaa vya bei nafuu huipata, kwa mfano, kwenye vile vyenye chipu ya Amlogic S905X4 au S905Y4, na hata Chromecast yenye Google TV ya HD, kifaa cha Google cha 2022, inayo. Usipoipata si msiba, huduma zitakupa kodeki ya zamani, ila utalipa tofauti hiyo kwenye bando.

Na bando si mchezo. Netflix wenyewe husema HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Kasi wanayoshauri ni Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Kama intaneti yako inatoka kwenye simu, kisanduku kizuri cha HD kinatosha kabisa, na ubora upunguze mwenyewe ndani ya akaunti.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 2, chini ya hapo utavumilia. Hifadhi ya GB 8 ni ya kawaida kwa vifaa hivi na karibu nusu yake huwa imeshachukuliwa na mfumo, inatosha kwa programu kadhaa. Ukiona kitu cha bei ya kutupa kinachojisifu kwa GB 64, jua kuna visanduku ambavyo mfumo wake umechezewa uandike namba isiyokuwepo.

Mtu wa flashi yeye ana maswali yake. Kijiti, kile kinachoning'inia kwenye HDMI, mara nyingi hakina tundu la USB la ziada, utahitaji kigawanyishi cha OTG, yaani cha kuongeza tundu la USB, kinachopitisha na umeme. Mwanangu, nunua kisanduku tu, chenye matundu mawili ya USB pembeni. Uliza pia kinasoma mfumo gani wa faili, yaani namna flashi ilivyopangwa. FAT32 husomwa na kila kitu lakini haipokei faili la kufika GB 4, na sinema moja ya 1080p yenye ubora mzuri hupita hapo. Kinachosoma exFAT au NTFS kitakuondolea adha. Halafu kuna lile tatizo la picha kuonekana na sauti kutokuwepo: aghalabu sauti ya faili imebanwa kwa DTS au Dolby na kifaa hakina leseni yake. Weka VLC, programu ya kuchezea video ambayo ni ya bure na huifungua yenyewe, nusu ya malalamiko yanakwisha siku hiyo.

Umeme watu huudharau. Shangazi yangu alinipigia, nikamwamkia, hata hakumaliza kuitikia.

"Marahaba, hiki kidude kinazimika kila nikianza sinema."

"Umeme umekichomekea wapi, shangazi?"

"Si hapo hapo nyuma ya TV, kuna katundu."

Katundu hako ni USB ya TV. USB 2.0 imepangiwa nusu ampea, na vijiti vingi vinataka volti 5 kwa ampea 1 au zaidi. Menyu inafunguka bila shida. Sinema ikianza, prosesa na Wi-Fi vikashika kasi pamoja, umeme hautoshi na kifaa kinajiwasha upya. Nikamwambia achukue chaja iliyokuja na kifaa kwenye boksi, achomeke ukutani. Hakupiga tena, angalau si kwa hilo.

Wi-Fi iwe inayoshika 5 GHz pia, maana 2.4 GHz kwenye nyumba zilizobanana imejaa ruta za kila jirani. Kijiti kilichojificha nyuma ya TV hupata mawimbi hafifu, ule waya mfupi wa kurefushia HDMI unaokuja nacho uutumie, usiutupe. Kama ruta iko karibu, kisanduku chenye tundu la waya wa mtandao ni bora zaidi, na usishtuke likiwa la Mbps 100 tu, hesabu ya hapo juu inakuonyesha linazidi mahitaji.

Rimoti ya Bluetooth, kwa kifaa kilichofichwa. Ya infraredi itakulazimu kuielekeza mahali kisanduku kinapokiona.

Kuhusu vilivyotumika: bei inavutia, lakini uliza kama bado kinapata masasisho. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, za mwaka 2015, ziligoma ghafla kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda. Google ilizirekebisha kwa sasisho. Kifaa ambacho mtengenezaji wake hajulikani hata jina hakina wa kukirekebishia.

Ukishafika nacho nyumbani, fanya majaribio muda wa kurudisha ukiwa bado upo. Fungua YouTube, cheza video ya ubora wa juu, kisha kwenye mipangilio ya video washa takwimu za kina. Mstari wa kodeki ukianza na "av01" au "vp09", vizuri. "Avc1" ni ile ya 2003. Tazama pia idadi ya fremu zilizodondoka. Chache mwanzoni si neno, zikiendelea kupanda kila sekunde kifaa kinazidiwa. Iache sinema iende saa nzima, uguse kisanduku, kiwe na joto la kuvumilika. Na usiku wa pili, masasisho ya mwanzo yakiwa yamekwisha kushuka, zima TV lakini kiache kwenye umeme. Asubuhi angalia kwenye ruta kimekula data kiasi gani. MB kadhaa ni kawaida. Ukikuta GB zimekwenda na hakuna aliyekuwa akitazama, kichomoe, kirudishe kwenye boksi lake na risiti juu.