Tumbo linachemka na safari bado wiki tatu? Fanya hivi

Ukipata viza hapa Kampala watu wanakupongeza tu, hakuna anayekuuliza kama unalala. Mimi nilipopata ya Ujerumani, mchana natembea kama mbunge aliyeapishwa jana, usiku saa tisa macho kodo nahesabu mabati. Kama uko hapo sasa hivi usijilazimishe kuchagua, eti ama unafurahi ama unaogopa, vyote vinakaa nyumba moja. Nilichogundua ni kwamba woga ukikosa kazi ndo unakula mtu, basi upe kazi ndogo ndogo.

Chukua daftari, ukishtuka usiku andika hicho hasa kinachokushtua, siyo "naogopa Ulaya" maana hiyo haina dawa. Yangu ya kwanza ni aibu hata kusema: chaja itaingia ukutani? Haiingii, plagi yetu ina meno matatu bapa, yao mawili ya duara, nunua adapta mjini kabla hujasafiri, kwisha. Nyingine: nikifika niripoti wapi? Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya mji, wanaita Anmeldung, na karatasi yake utaulizwa sehemu nyingi sana, basi tafuta miadi mapema. Nusu ya daftari iliisha hivyo hivyo.

Koti usinunue kwa picha za intaneti. Nenda Owino kwenye mitumba ujaribu koti zito na jasho linatiririka, wauzaji watacheka na watauliza unaenda wapi, sema unamnunulia kaka yako, ukitaja Ulaya tu bei inaruka. (Langu lilikuwa na lebo ya Kijerumani, banange, lilikuja Uganda kutalii likarudi kwao.) Ukishalitundika ukutani, ukiamka saa tisa unaliona, unajua kitu kimoja kishafanyika.

Sasa salamu, hiyo hakuna aliyeniambia. Sisi huwezi kumpita mtu asubuhi bila kuuliza amelalaje, watoto je, nyumbani je, hata mtu wa boda unamsalimu kwanza ndo mnaanza kugombania bei. Kule jirani anakutupia Hallo moja kavu kwenye ngazi anafunga mlango. Wiki ya kwanza nikaamini jengo zima linanichukia, nikapiga simu nyumbani nalia, mama akauliza, umewakosea nini? Kumbe hakuna, kutokukusumbua ndo heshima yao, na huyo huyo jirani mwezi wa pili alinigongea kuniambia nimesahau funguo mlangoni. Kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa bado hapa, siku moja panda taksi, yaani matatu, kutoka Ntinda mpaka mjini usiongee na mtu kabisa, usikie kimya kinavyowasha. Na saa nayo, wakisema saa nne ni saa nne, siyo "niko njiani" na wewe bado unaoga.

Mazungumzo ya pesa yafanye kabla ya siku ya kukuaga. Ukishaombewa na ukoo mzima na kila shangazi amekuwekea mkono kichwani, maneno "miezi sita ya kwanza sitatuma kitu" hayatoki mdomoni. Mimi nilichelewa, na huo mzigo uliniamsha usiku kuliko baridi.

Mizigo sasa. Mama alikuja na basi kutoka Arua kabeba kopo la odi (ule uji mzito wa karanga na ufuta zilizosagwa), nyama kavu na samli. Nyama na vitu vya maziwa kutoka huku Umoja wa Ulaya hawaruhusu kwenye begi, vitachukuliwa, waachie wadogo zako wale. Odi beba, ila iweke begi kubwa siyo la mkononi, na asali mwisho kilo mbili.

Ukifika Desemba, saa kumi na moja jioni giza kishaingia, usidhani unaumwa, toka nje mchana hata robo saa. Msimu huo wako nyuma yetu masaa mawili, panga na mama saa maalumu ya simu isiyobadilika. Na ukitua Jumamosi usianze kulala, nenda dukani kwanza, Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, mimi siku yangu ya kwanza Ulaya nilikula odi kwa kijiko.