Jinsi ya kuigiza maisha ya nyumba za kazi za Uingereza: anzeni mlangoni

Kama kikundi chenu cha maigizo kinataka kuonyesha zile nyumba za kazi walikokuwa wanaishia maskini wa Uingereza enzi za Malkia Victoria, msianze na msimulizi kusimama kueleza historia, watu watachoka mapema. Anzeni mlangoni. Familia inaingia, baba, mama na watoto wawili, wanatenganishwa hapo hapo, baba kwake mama kwake watoto kwao, wanapokonywa nguo zao wanavalishwa yunifomu. Vueni koti na kitambaa cha kichwa tu, inatosha.

Ila msiifanye jela. Mtu alikuwa anaweza kutoka akitoa taarifa masaa matatu kabla, tatizo ni kwamba nje kuna njaa, na sheria ya 1834 ilitaka maisha ya ndani yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa huko nje ili watu waogope kuja kuomba msaada. Mwigizaji wenu akilielewa hili hatapiga kelele ovyo, atacheza kama mtu aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe na aibu imemjaa, na hapo ndo panauma.

Kazi zionekane mikononi. Tafuteni kamba nene kuukuu, waigizaji waifumue kwa vidole mpaka zibaki nyuzi tupu (nyuzi hizo zilikuwa zinauzwa kwa ajili ya kalafati, yaani kuziba nyufa za meli), na mazoezini waifanye saa nzima bila kuongea, wakimaliza hamtahitaji kumwelekeza mtu jinsi ya kushika kijiko cha uji.

Alafu kuna Andover, mji wa kusini mwa Uingereza. Mwaka 1845 ilijulikana kwamba wanaume waliopewa kazi ya kusaga mifupa iwe mbolea walikuwa na njaa mpaka wakawa wanagombania mifupa yenyewe, wanafyonza uboho na kutafuna vinyama vilivyobaki, vingine vimeshaoza. Bunge likachunguza, na 1847 tume iliyokuwa inasimamia nyumba hizo ikavunjwa ikawekwa bodi nyingine. Hii sini msiweke muziki jamani, nawaomba. Mtu mmoja aangalie kushoto, kulia, apeleke mfupa mdomoni, basi. Na pembeni ya jukwaa muda wote kuwe na meza ya waheshimiwa wanapiga hesabu za mkate, wasiinue macho hata mara moja, maana mkimwachia msimamizi mmoja katili lawama zote watazamaji watamchukia yeye na kusahau waliotunga kanuni.

Wazee wapeni nafasi yao. Walikuwa wanaogopa kufia mle kwa sababu sheria ya 1832 iliruhusu maiti isiyo na ndugu wa kuidai ipelekwe kupasuliwa na wanafunzi wa udaktari. Bibi mmoja akae karibu na watazamaji, amuulize mtu wa mstari wa mbele kwa sauti ya chini kama atakuja kumchukua, asubiri jibu, taa izimwe.