Ngalawa moja ziwe tatu kwenye picha

Juzi nilipiga picha ya ngalawa moja pale Kigamboni nikataka ziwe tatu. Fungua picha kwenye Photoshop (programu ya kuhariri picha), chukua laso, kile kifaa cha kuzungushia sehemu unayoitaka, uizungushie ngalawa pamoja na kivuli chake majini, usibane sana, acha maji kidogo pembeni, halafu bonyeza Ctrl+J inajikopi kwenye leya mpya, yaani tabaka lake juu ya picha; fanya mara mbili ili ziwe tatu. Kisha Ctrl+T upunguze saizi, maana ya mbali lazima iwe ndogo na ikae juu kidogo karibu na upeo wa bahari, wengi wanasahau hapo ndo picha inaonekana feki. Kingo futa na raba laini. Usiigeuze kushoto kulia ovyo, jua litatokea pande mbili aisee. Tanga la pili nilibadili rangi kidogo kwa Ctrl+U zisiwe mapacha.