Somo: Kupanga folda za pamoja za ofisi na kudhibiti nani anazifungua

Somo hili linahusu ofisi yenye seva ya Windows inayotumia Active Directory (huduma ya Windows ya kusimamia akaunti na vikundi vya watumiaji), ambako uhasibu, utumishi na masijala huhifadhi kazi zao mahali pamoja.

Kwanza, kabla ya kugusa seva, kaa na kila mkuu wa idara mwandike nani asome tu na nani aandike. Usiruke hatua hii, kwa sababu anayepaswa kuamua nani aone mishahara ni mkuu wa utumishi, wala si fundi wa kompyuta. Na kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka ofisi izilinde taarifa hizo.

Pili, unda folda kuu moja, na ndani yake folda ya kila idara. Kila folda iwe na vikundi viwili, kwa mfano Uhasibu_Kusoma na Uhasibu_Kuandika. Ruhusa ipewe kikundi, kamwe isipewe mtu kwa jina lake, ili mtumishi anapohamishwa umwondoe mahali pamoja badala ya kumsaka folda kwa folda.

Tatu, elewa kwamba kuna ruhusa za aina mbili, za kushirikisha folda kwenye mtandao na za NTFS (mfumo wa Windows wa kuhifadhi faili kwenye diski), na anayeingia kupitia mtandao hupata ile iliyo finyu zaidi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo ruhusu kusoma na kubadili katika ushirikishaji, kisha udhibiti wote ufanyie kwenye NTFS: kata urithi kwenye folda ya idara, yaani isichukue ruhusa za folda kuu, ondoa kikundi cha watumiaji wote, uongeze vikundi vyako. Udhibiti kamili wabaki nao wasimamizi, kwani humwezesha mtu kubadilisha ruhusa zenyewe.

Swali: Nimemwongeza mtumishi kwenye kikundi, mbona bado anakataliwa?

Jibu: Atoke kwenye akaunti yake aingie upya, kwa kuwa uanachama wa kikundi husomwa wakati wa kuingia.

Swali: Je, nimzuie mtu mmoja kwa kuweka katazo?

Jibu: Ninashauri usifanye hivyo. Katazo lililowekwa kwenye folda hushinda ruhusa anayoipata kupitia kikundi chochote, na atakayekupokea kazi atahangaika kutafuta chanzo. Mwondoe kwenye kikundi.

Swali: Faili lililohamishiwa folda nyingine halifunguki.

Jibu: Likihamishwa ndani ya diski ileile linaweza kubaki na ruhusa za zamani. Likinakiliwa hurithi za folda mpya.