Kabla ya Kufunga Kamera kwenye Darubini: Hesabu ya Umbali wa Sensa Unapotumia Filta

Anayepiga picha za nyota kwa darubini yenye lenzi ya kusawazisha uwanja wa picha, yaani inayozifanya nyota za pembeni ziwe kali kama za katikati, hana budi kuhakikisha kwamba sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, imekaa nyuma ya lenzi hiyo kwa umbali uliowekwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni milimita 55. Kwa mfano, kamera za Canon za mfumo wa EF zina milimita 44 kutoka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa, na pete ya kuziungia huongeza 11. Asiyetumia lenzi ya namna hiyo hahitaji hesabu hii, kwani kwake gurudumu la fokasi latosha.

Filta, yaani kioo cha kuchuja mwanga, ndiyo inayovuruga hesabu. Mwanga unaotoka kwenye lenzi huja ukijikusanya kama koni, na unapoingia kwenye kioo cha filta hupinda, hivyo ndani ya kioo hujikusanya polepole zaidi na mahali unapokutania husogea nyuma. Kwa kioo cha kawaida, msogeo huo ni kama theluthi moja ya unene wake: filta ya milimita 2 huusogeza kwa takriban 0.7, na ya milimita 3 kwa milimita 1. Kiasi hicho huongezwa kwenye umbali unaotakiwa, hakipunguzwi, na ninasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Tena, inayohesabiwa ni filta iliyo kati ya lenzi ya kusawazisha na sensa. Iliyofungwa mbele ya lenzi hiyo, upande wa nyota, haibadilishi kipimo.

Tuchukue kamera ambayo sensa yake iko milimita 17.5 kutoka mdomoni, gurudumu la filta (kisanduku cha kubadilishia filta) lenye unene wa milimita 20, na filta za milimita 2. Umbali unaotakiwa sasa ni 55.7, kamera na gurudumu vimekwisha kuchukua 37.5, kwa hiyo pete za kujaza nafasi iliyobaki, zote kwa pamoja, zinapaswa kufika 18.2. Pete ya 16.5, nyingine ya 1.5 na kipete chembamba cha 0.2 zinatimiza hesabu hiyo. Kioo kinachofunika sensa nacho husogeza mwanga, kwa hiyo ni vyema kusoma maelezo ya kamera na kujua kama mtengenezaji amekwisha kukihesabu, usije ukakiongeza mara mbili.

Usiamini namba iliyochorwa kwenye pete kabla ya kuipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Pima kutoka bega hadi bega, ukiacha nje zile nyuzi za skrubu zinazochomoza, maana huzama ndani ya kipande kinachofuata na hazihesabiwi. Mimi nilipoteza usiku mzima wa anga safi kwa sababu nilizijumlisha nyuzi hizo, na sensa ikakaa karibu mno na lenzi kwa zaidi ya milimita 3.

Hesabu ikikamilika, jaribu kwa picha fupi za eneo lenye nyota nyingi, kisha kuza pembe zote nne. Kwa lenzi nyingi za kusawazisha, nyota zilizorefuka kama miale itokayo katikati huonyesha kwamba sensa iko karibu mno, na zile zinazoizunguka katikati kama duara huonyesha kwamba iko mbali mno. Badilisha kwa nusu milimita kila mara. Ikiwa pembe moja tu ndiyo mbaya, huenda sensa au pete imeinama, na kuongeza pete hakutasaidia. Darubini ya f/4 (yaani urefu wake wa fokasi ni mara nne ya kipenyo chake) yenye sensa kubwa haivumilii kosa kama inavyovumilia ya f/7, hivyo mwenye darubini ya namna hiyo ajiwekee akiba ya vipete vya 0.1 hadi 0.5.

Umbali sahihi ukishapatikana, usifungue tena mnyororo huo wa pete. Uache umefungwa kwenye kamera, na uandike jumla yake kwenye kipande cha utepe ubavuni, pamoja na unene wa filta uliotumika.